Homa imenitoka mdomoni, na huku Anoka hakuna mbu

Najua nimeadimika. Tangu Krismasi sijaandika kitu, na wengine mmeshaanza kuniuliza kwenye simu kama nimemezwa na theluji. Sijamezwa. Nipo, kazi ni ile ile ya usiku, baridi ni ile ile, na wiki mbili zilizopita nilipata mafua makali yakanilaza siku tatu. Yalipoanza kunipungukia likaja lile balaa langu la kila mwaka. Mdomo wa juu, upande wa kushoto, ukaanza kuchonyota jioni. Asubuhi yake malengelenge madogo kama ufuta yamejipanga. Siku ya tatu kidonda, nacho kimevimba kana kwamba nimeng'atwa na nyuki.

Mama akanikuta hivyo kwenye video ya WhatsApp siku ya Jumapili. Hata salamu hatujamaliza akaniambia, "Pole mwanangu, malaria imekutoka mdomoni. Sasa utapona."

Nilicheka mpaka kidonda kikapasuka. Nikamgeuzia simu dirishani aone nje: theluji hadi magotini, gari langu limegeuka kichuguu cheupe, na Mto Rum, unaokutana na Mississippi hapa hapa mjini kwetu, umeganda kiasi cha watu kutembea juu yake. Nikamuuliza, "Mama, unamwona mbu hapo?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ulitoka nayo huku." Nikamwambia mimi nilirudi mwezi wa nane, mama! Naye akanijibu kwamba malaria ya Muheza haina haraka.

Huyo ndiye mama yangu, mnamjua. Na kusema kweli hajakosea sana, maana mtu akitoka kwetu akapata homa huku, hata ikiwa miezi imepita, anatakiwa apimwe malaria na amwambie daktari alisafiri wapi. Mimi nilipimwa wakati wa mafua yale. Hakuna kitu. Mafua tu.

Lakini leo sikukaa kuandika ili tucheke. Kuna jambo nimelibeba tangu mwezi wa nane, na kwa sababu nusu ya wanaosoma hapa walikuwepo siku ile, na nusu nyingine wameshasimuliwa (tena kwa chumvi nyingi), naona nami niseme langu.

Mnakumbuka nilifika Muheza siku ya kumi na moja tangu wifi yangu ajifungue. Nilikuwa nimesafiri siku mbili, Minneapolis hadi Amsterdam, Amsterdam hadi Dar, halafu basi. Sikulala, jua la Dar likanipiga nikisubiri pale stendi, na kufika Segera nikasikia mdomo unachonyota. Nilijua kinachokuja. Kulipokucha, kidonda hicho. Nikaingia nyumbani kwa kaka, wanawake wamejaa, vigelegele, wifi akaninyanyulia mtoto, "Haya shangazi, mpokee mwanao!" Nami nikarudi nyuma hatua mbili, nikatoa barakoa kwenye mkoba nikavaa, nikasema nitamwangalia kwa mbali.

Loh! Kimya kilichoingia chumbani mle bado nakisikia. Ningefanya vile hapa Anoka mwezi wa kumi hakuna ambaye angenishangaa, kwani huu ni mji unaojiita makao makuu ya Halloween duniani, wanavaa vinyago tangu sherehe yao ya kwanza mwaka 1920. Lakini Muheza, shangazi wa baba kutoka Marekani, mbele ya mtoto wa kwanza wa kaka yake? Jioni hiyo nikasikia kwamba Marekani imeniharibu. Nikasikia kwamba naona kinyaa. Na sauti moja, ambayo siitaji, ikasema kidonda kile mnakijua ni cha ugonjwa gani, ndiyo maana amekonda. Mimi nilikuwa nimechoka, nimeona aibu, nikaenda kulala kwa mama mdogo na sikueleza kitu. Hilo ndilo kosa langu. Nilipaswa kueleza. Sasa naeleza.

Kidonda hiki si malaria, na wala si ugonjwa ule mnaounong'onea. Ni kirusi kinachoitwa herpesi, aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 wenye umri wa chini ya miaka 50 wanacho, yaani asilimia 64 ya watu wote wa umri huo duniani. Wengi tulikipata tukiwa watoto wadogo, kwa mate: shangazi kakubusu, bibi kakutafunia nyama, ndugu saba wamelamba kijiko kimoja cha uji. Mwingine kinamtoa vidonda, mwingine hakimtoi kitu maisha yake yote na hajui kama anacho. Kwa hiyo yule aliyenong'ona jioni ile, kwa hesabu tu, naye yaelekea anacho. Sisemi kwa ubaya.

Kikishaingia hakitoki. Kinapanda kwenye neva ya uso, kinajificha kwenye fundo la neva ndani ya kichwa karibu na sikio, kinalala. Halafu siku mwili umeshughulika na jambo jingine kinaamka, kinashuka kwa njia ile ile, ndiyo maana mara nyingi kidonda kinatokea mahali pale pale. Kinachokiamsha ni homa ya aina yoyote, jua kali, uchovu, mawazo, kwa wengine siku za mwezi, na kwa baadhi yetu baridi na upepo unaokausha midomo.

Hapo ndipo nilipompa mama haki yake. Watu wa kwetu waliona kitu cha kweli. Mtu anaumwa malaria, homa inapanda, kirusi kinaamka, na kwa vile malengelenge huchukua siku moja mbili kuonekana, yanajitokeza wakati mgonjwa ameshameza dawa na anaanza kupata nafuu. Nani asingesema malaria imetokea mdomoni? Waingereza na Wamarekani wanakiita kwa jina linalomaanisha kidonda cha baridi, maana kwao kiliwatokea na mafua ya kipupwe. Wazee wa hapa wana na jina jingine, lengelenge la homa. Kazini ninamhudumia bibi mmoja wa asili ya Norway, miaka yake tisini na kitu. Aliponiona juzi akasema, "Naona homa imekutoka." Nikamwangalia kama nimemwona mama. Kila watu wamekiita kwa jina la kile kilichokuwa kikiwaumiza zaidi mahali pao.

Ubaya wa imani yetu ni hapa: eti kikishatoka, malaria imekwisha. Haijaisha! Nakumbuka zama za klorokwini, ile dawa iliyokuwa ikituwasha mwili mzima mpaka unatamani kujikuna kwa magunzi. Kidonda kikitokea mdomoni, vidonge vilivyobaki tunavitia kwenye kabati, mama anasema mtoto ameshapona. Klorokwini iliondolewa Tanzania mwaka 2001, ikaja SP, na tangu mwishoni mwa 2006 tuna dawa ya mseto, lakini tabia ya kukatisha dozi mdomo ukishatoka malengelenge nimeikuta mwezi wa nane ipo vile vile. Na kinyume chake pia nimekikuta: mtu hana homa, hana chochote, amekaa juani shambani tu, mdomo ukatoka, akaenda dukani kununua mseto bila kupimwa. Homa ya mapafu nayo inatoa malengelenge hayo, na hata homa ya uti wa mgongo. Mdomo haukuambii ni homa gani. Kipimo cha damu ndicho kinachosema kama ni malaria.

Sasa tuje kwenye kujitibu nyumbani, maana hili ndilo mnaloniulizia sana, na mimi nina maoni makali juu yake. Kwa mtu mzima mwenye afya kidonda hiki kinapona chenyewe. Siku saba hadi kumi, wakati mwingine wiki mbili, bila dawa yoyote. Kwa sababu hiyo kila dawa ya duniani imewahi "kukiponya". Ukipaka majivu kitapona, ukipaka ugoro kitapona, ukikipigia kelele kila asubuhi kitapona. Swali ni je, dawa yako imekiharakisha, au imekuongezea kidonda juu ya kidonda?

Nimeona mengi. Ndimu na chumvi, ambayo mimi mwenyewe nilipakwa nikiwa darasa la tatu na nikakimbia hadi kwa jirani nikilia. Dawa ya meno. Spiriti. Kapsuli za rangi mbili, mtu anaifungua anamwaga unga juu ya kidonda, wakati zile ni dawa za bakteria na hazina habari na kirusi. Jivii, ile ya zambarau, inayokufanya uonekane umekula zambarau kwa wiki nzima, nayo si dawa ya kirusi. Krimu kali za kujichubua, kwa sababu mtu ameona zinatuliza mwasho: hizo nyingi zina steroidi, zinapunguza kinga ya ngozi pale pale inapohitajika na zinaweza kukifanya kirusi kisambae. Na kuna kijana mmoja mtaani kwetu, miaka hiyo, alipaka maji ya betri. Kovu lake mnalijua. Kirusi kilikwenda kulala salama salmini kwenye neva yake, lakini mdomo wake haukurudi kama ulivyokuwa.

Msidhani wa huku wana akili zaidi. Mwenzangu mmoja kazini, Mmarekani aliyezaliwa kaunti hii hii ya Anoka, alinishauri kwa moyo mweupe kabisa nipake dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nikamwambia kwetu tuna maji ya betri, tukacheka wote wawili. Mwingine, dada wa Kiliberia (wako wengi sana, hasa Brooklyn Park kule), ana imani na pakiti ya chai iliyolowekwa. Hiyo angalau haiunguzi.

Mimi nafanya hivi. Nikisikia kule kuchonyota tu, kabla hakijatoa uso, ndipo naanza. Barafu ndani ya kitambaa safi, dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Inatuliza maumivu na uvimbe. Panadol kama kinauma. Vaselini nyembamba ili kisikauke na kupasuka kila nikicheka, naichota kwa kijiti cha pamba, sichovyi kidole kwenye kopo ambalo kesho mtu mwingine atalitumia. Sitoboi malengelenge. Sibandui gaga. Nanawa mikono kwa sabuni kila nikikigusa. Naacha pilipili, ndimu na machungwa kwa siku chache, na kwa mtu wa Muheza kuacha machungwa ni adhabu kamili, mnajua.

Asali je? Hapa nitawafurahisha wengi. Mwaka 2019 watafiti wa New Zealand walichapisha jaribio lao kwa watu wazima 952 waliopewa ama krimu ya asikloviri ama krimu ya asali ya mmea wao uitwao kanuka. Wa asikloviri walipona kwa siku 8, wa asali kwa siku 9, na tofauti hiyo haikuwa ya maana kitakwimu. Msikimbilie kusema asali ni dawa kubwa basi. Mimi nalisoma jaribio lile upande wa pili: krimu ya asikloviri yenyewe si kubwa kihivyo! Hiyo krimu kwetu unaipata duka la dawa. Huku Marekani lazima daktari aiandike, na badala yake wanakuuzia bila cheti krimu ya dokosanoli, iliyoruhusiwa kuuzwa mwaka 2000. Katika majaribio yake ilipunguza muda wa kupona kwa kama saa 18 hivi. Saa kumi na nane! Kijityubu cha gramu 2, karibu dola 20, unapaka mara tano kwa siku ili upone kabla ya chakula cha mchana badala ya baada ya chakula cha usiku. Nilinunua mara moja, mwaka wangu wa kwanza, nikiwa sijajua hesabu. Sitarudia.

Tena mwaka ule wa kwanza nilinunua na Carmex, yale mafuta ya kikopo cheupe chenye kifuniko cha njano, mkakuta mmeletewa wote kama zawadi. Hadithi yake naipenda. Jirani zetu hapa Wisconsin, miaka ya 1930, bwana mmoja Alfred Woelbing alikuwa anasumbuliwa na vidonda hivi hivi, akatengeneza mafuta yake nyumbani. Kampuni bado ni ya pale pale Wisconsin. Yanalainisha mdomo na kupunguza maumivu. Kirusi hayakifanyi kitu. Basi mkiona mama mdogo anawapaka watoto wenye malengelenge yale mafuta kutoka kikopo kimoja akizunguka na kidole chake, mzuieni kwa upole.

Kinachofanya kazi hasa kwa mtu kama mimi anayepata mara kwa mara ni vidonge, tena mapema. Daktari wangu ameniandikia valasikloviri: gramu 2 nikisikia dalili ya kwanza, na gramu 2 nyingine baada ya saa 12. Siku moja tu, basi. Inafupisha safari kwa kama siku moja, na nikiiwahi maumivu yanakuwa madogo. Ikishakuwa gaga haina maana tena. Mwenye matatizo ya figo dozi yake si hiyo, kwa hiyo msigawane vidonge kama mnavyogawana karanga. Dawa hii ni mtoto wa asikloviri, iliyotoka kwenye maabara alikofanya kazi Gertrude Elion, yule mama aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988 bila kuwa na shahada ya udaktari wa falsafa ya kuisomea. Nawatajia kwa ajili ya wale mabinti wa shangazi mkubwa wanaosoma kemia, wasikate tamaa.

Na kuzuia: kinga ya jua kwenye midomo. Mtacheka, lakini huku jua la theluji ndilo linaloniumiza. Siku zile za mwisho wa Januari 2019, ile tarehe 30 iliyofika nyuzi 33 chini ya sifuri hapa Minneapolis, anga lilikuwa jeupe safi, jua linawaka, theluji inalirudisha usoni kama kioo, na pumzi inaganda kwenye kope. Nilisubiri gari kuwaka dakika kumi. Siku mbili baadaye, mdomo huo. Tangu hapo natembea na kijiti cha mafuta ya mdomo chenye kinga ya jua, namba 30 kwenda juu, kipupwe na kiangazi. Mvuvi wa Tanga na mkulima wa Muheza wangekihitaji kuliko mimi. Kofia pana nayo ni dawa, haina bei.

Nimesema mtu mzima mwenye afya anaweza kujitibu nyumbani. Sasa nawaambia wapi nyumbani pasitoshe, na hapa sitanii hata kidogo.

Jicho ni la kwanza. Ukiwa na kidonda mdomoni halafu jicho likawa jekundu, linauma, linakataa mwanga, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kirusi hiki kinaweza kuchimba kioo cha jicho kikaacha kovu na upofu. Hili limechunguzwa kwetu: mwaka 1992 madaktari wa macho David Yorston na Allen Foster walichapisha katika jarida la British Journal of Ophthalmology kuhusu herpesi ya jicho Tanzania na uhusiano wake na malaria. Homa ile ile inayotoa malengelenge mdomoni inaweza kuyatoa jichoni. Msitie majani, msitie maziwa ya mama mzazi, na msitie dawa ya matone aliyobakiza mjomba, kwa sababu nyingine zina steroidi.

Halafu kidonda kisichopona. Kikipita mwezi mzima, au kikiwa kikubwa na kinasambaa, hapo kinga ya mwili inatakiwa kuangaliwa, pamoja na kupima VVU. Naam, nimelitaja. Kidonda kinachokaa zaidi ya mwezi kinahesabiwa na madaktari kuwa moja ya dalili za UKIMWI uliokomaa. Kinachokuja siku tisa kikaondoka hakihesabiwi. Najua tulikotoka. Miaka ya tisini tuliwaona watu wanatokwa na mkanda wa jeshi, ambao unaletwa na binamu wa kirusi hiki, na mtaa mzima ukawa umeshamzika mtu angali hai. Hofu ile imebaki, na sasa kila lengelenge ni ushahidi. Mimi nimeketi katika nyumba ya baba yangu nikipimwa kwa macho. Ningekuwa nacho kirusi kile kingine, bado nisingestahili. Kuna watu pale Muheza ambao kwa macho kama yale hawatakanyaga kliniki kupima hata siku moja, na dawa zipo, bure.

Na sasa mtoto.

Mtoto mchanga hana kinga ya kupambana na kirusi hiki. Kwetu sisi ni kidonda cha aibu cha wiki moja. Kwa mtoto wa wiki mbili kinaweza kuingia kwenye ini, kwenye mapafu, kwenye ubongo. Kinaweza kumuua, na anayepona anaweza kubaki na ulemavu wa ubongo. Haitokei mara nyingi, ni ugonjwa wa nadra, lakini ikitokea huanza kimya: mtoto analegea, hataki kunyonya, ana homa au mwili umekuwa wa baridi, pengine anashtuka degedege, na malengelenge yanaweza yasionekane kabisa. Kwetu mtu ataita majina mengine na kuanza kutafuta mchawi. Anahitaji asikloviri ya kwenye mshipa, hospitali, haraka. Nyumbani hakuna dawa yake.

Wifi yangu, najua unasoma, kaka ameniambia. Siku ile ulipomnyanyua yule mtoto, mdomo wangu ulikuwa na malengelenge yaliyojaa maji, ndio wakati kirusi kinamwagika zaidi. Ningemkumbatia ningembusu, nisingeweza kujizuia, nilikuwa nimemwota miezi tisa. Mkono wangu ulikuwa umeshagusa mdomo mara mia kwenye basi. Nilirudi nyuma kwa sababu nilimwogopea yeye. Kinyaa nilikuwa nacho, lakini juu ya mdomo wangu mwenyewe. Ningesema maneno haya matatu pale pale wote mngeelewa, maana nyie si wajinga. Niliona aibu kusema neno "herpesi" mbele ya mashemeji, nikaona bora nionekane na maringo. Nisamehe.

Wengine nao nawaomba, mnaokwenda kumwona mzazi. Mwenye malengelenge mdomoni abaki kwao mpaka gaga lianguke, atume khanga na sabuni. Asiye na malengelenge anawe mikono, amshike mtoto, ambusu miguuni, kwani kirusi kinaweza kutoka kwenye mate hata bila kidonda, kidogo kidogo. Kutafunia mtoto chakula tuache jamani. Na mama mwenyewe akitokwa mdomoni asiache kunyonyesha. Avae barakoa au afunge khanga mdomoni, anawe mikono, asimbusu. Asinyonyeshe titi lenye kidonda tu, kama kidonda kimetokea hapo.

Kuna shangazi mmoja atasema mbona yeye amebusu watoto thelathini na wote wazima. Ni kweli, na nafurahi. Nami nimevuka Barabara Kuu ya Chalinze mara nyingi bila kuangalia.

Basi, gaga langu limeanguka leo asubuhi, siku ya tisa, kwa vidonge na barafu na bila dola 20. Mtoto ana miezi sita sasa, kaka anasema ameanza kukaa mwenyewe na anavuta masharubu ya babu. Tiketi yangu ni ya mwezi wa saba. Nitakuja na kijiti changu cha mdomo, vidonge vyangu, na kofia pana kama ya mkulima wa machungwa, na nikifika mdomo ukiwa safi, wifi, naomba unikabidhi huyo mwanangu mimi kwanza kabla sijaketi. Nikifika nao mbaya nitakaa kwa mama mdogo siku tisa, na safari hii mtajua kwa nini.

Naingia zamu saa nne usiku, na gari bado ni kichuguu. Ngoja nikatafute beleshi. Wasalaam.